Mtoto anataka sayansi fomu 3, baba yake hataki. Nisaidieni la kumwambia shemeji

MamaMdogo_Wete
Assalamu alaykum jamani. Nna mtoto wa dada yangu yuko fomu 2 huku kwetu Pemba, mwakani inshaallah anaingia fomu 3 na ndo pale wanapotakiwa wachague, ama waendelee na fizikia na kemia ama waziwache waende atsi, yaani masomo ya sanaa. Yeye anataka sayansi na wala hafuati mkumbo maana shoga zake wote wanakwenda atsi, toka mdogo ndo yule mtoto wa kufungua redio za watu na kuuliza kwa nini karafuu zikishikwa na mvua jamvini zinapauka, sasa nani kati yetu anajua kwa nini, sie tunajua tu zikipauka bei inashuka.

Shemeji yangu si mtu mbaya, tafadhali msimtukane humu. Hajasema hata siku moja kuwa mtoto wa kike hawezi. Anachosema yeye ni kuwa skuli yao mwalimu wa fizikia wa kudumu hakuna, anakuja wa kujitolea, akipata kazi anaondoka, sasa atasomeshwa na nani? Halafu tuisheni ya sayansi iko mbali na inamaliza karibu na magharibi na njia yenyewe ni mikarafuu mitupu huku na huku. Na la mwisho anasema akifeli sayansi atakuwa kakosa vyote, bora atsi apate divisheni yake aende zake ualimu.

Mie nikamwambia shemeji siku hizi mtoto wa kike anaweza chochote. Akanitazama, akasema haya, anaweza, mwalimu yuko wapi? Nikanyamaza.

Kwahivo zile hotuba za semina msinipe, ninazo tele. Nataka vitu ambavyo nikimwambia mtu mzima mwenye akili zake atanisikiliza.


Maalim_Fizikia
Waalaykum salaam dada. Shemeji wako yuko sawa kwenye mawili katika matatu, na ungeanza kwa kumwambia hivo atakusikiliza zaidi. Mwalimu wa fizikia ni tatizo kweli, na njia ya magharibi ni tatizo kweli. Pale alipokosea ni kwenye hilo la mwisho.

Fomu 3 ni mlango wa upande mmoja. Mtoto akisoma sayansi mpaka fomu 4 akaona haimuwezi anaweza kwenda kombi za atsi fomu 5, kiswahili anasoma, kiingereza anasoma, jiografia anasoma, wanahama kila mwaka na wengine wanafanya vizuri sana. Lakini aliyeiwacha fizikia na kemia fomu 3 hana pa kurudia. PCM (fizikia, kemia, hesabu) hapati, PCB (fizikia, kemia, biolojia) hapati, na wazee wengi hawajui kuwa hata diploma ya uuguzi wanataka pasi ya kemia, biolojia na fizikia, sasa mzee anasema mwanangu si lazima awe injinia, awe nesi tu inatosha, na huku kashamuondoa kwenye unesi bila kujua. Hilo mwambie shemeji kwanza kabla ya jengine lolote. Na anayedhani atsi ni pa kuikimbia hesabu, hesabu anayo mpaka fomu 4, kwahivo kama khofu ni hesabu hajaponea kitu.

Na akifeli? Mtoto mwenye D za fizikia na kemia kuna vyuo vya ufundi na vya afya vinamsikiliza. Asiyekuwa nazo hata fomu ya kuombea hajazi.

Ntarudi kwenye habari ya kusoma bila mwalimu, naingia darasani.


Mchokonozi
Maalim unauza mlango wa upande mmoja, mie nauliza ukipita huo mlango unatokea wapi. Jirani yangu hapa Fuoni binti yake kamaliza digrii ya sayansi, yuko nyumbani anauza maandazi na barafu. Na yule aliyesoma utalii fomu 4 tu yuko mapokezi hoteli ya kaskazini anajenga nyumba. Tunawashajiisha watoto wa kike waingie sayansi kwa sababu wafadhili wanapenda kusikia, picha zinapigwa, fulana zinagaiwa, halafu? Serikali inaajiri wangapi? Tuseme kweli jamani.


FundiWaBaridi
@Mchokonozi mie ni mwanamke na ni fundi wa mafriji na viyoyozi na makoldirumu, nlisoma chuo cha ufundi cha Karume pale Mbweni, na hizo hoteli za kaskazini unazozisema ndo zinazonilisha. Yule wa mapokezi unamuona kwa sababu kakaa mbele, mie niko nyuma jikoni nimelala chini ya kompresa huwezi kuniona.

Nikwambie lililonitia kwenye kazi hii. Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima hatukuwa na umeme wa gridi, waliokuwepo wanakumbuka, mji mzima majenereta yananguruma, samaki wanaoza Darajani, maji hayapandi. Nlikuwa mtoto. Mtaani petu alikuwepo fundi mmoja wa majenereta, watu wazima na heshima zao wanamsubiri barazani kwake wanamwita bwana fundi bwana fundi, na mie nikaona kumbe huyu ndo mtu mkubwa kuliko sheha. Basi. Hakuna aliyenishajiisha, hakuna semina.

Sasa hivi hoteli ikiharibikiwa na koldirumu usiku, nyama na samaki wa wageni wote wamo ndani, hawaulizi kama fundi kavaa buibui au kavaa nini, wanauliza utafika saa ngapi. Mie navaa ovaroli juu ya suruali pana na mtandio nimeufunga nyuma usishikwe na feni, na kazi inakwenda. Mafundi wengi wa hoteli wanatoka bara na Kenya kwa sababu sie wenyewe hatujasoma hizo kazi, pampu za mabwawa, sola, kamera, mitandao, mitambo ya kusafisha maji ya chumvi. Halafu tunakaa barazani tunalalamika wageni wamechukua ajira.

Kwahivo @MamaMdogo mwambie shemeji sayansi haimalizikii kwenye digrii na kusubiri serikali ikuite. Kuna kazi za mkono. Na hapo nakubaliana na Mchokonozi kidogo, mtoto akisoma fizikia ya kukariri tu mpaka digrii bila ya kushika spana hata siku moja, ndo huyo wa maandazi.


Mchokonozi
Haya fundi nimekubali la hoteli. Lakini ulikuwa mwanamke peke yako darasani au uongo?


FundiWaBaridi
Karibu peke yangu ndio. Na mwalimu mmoja alikuwa kila tukigawana vifaa mie ananipa daftari niandike matokeo, wanaume ndo wanafungua mashine. Wao wanajifunza kufungua, mie najifunza mwandiko mzuri. Siku moja nikakataa kuandika nikasema leo aandike mwengine, kukawa na kimya pale kisha kazi ikaendelea. Wasichana mnaosoma humu chungeni hilo, kwenye praktiko angalieni nani kashika kifaa na nani kashika kalamu. Hata skuli zenye maabara nzuri ndo hivo hivo, kundi la watoto sita, byureti kashika Abdalla toka mwanzo mpaka mwisho, Zuwena na Time wanasoma namba wanaandika. Necta, wale wa mitihani ya taifa, hawampi maksi Zuwena kwa mkono wa Abdalla.


Mwanakemia_PBA
Nimecheka hapo pa mwandiko, yamenikuta vile vile.

Mie niko maabara huku Pemba, nisiseme wapi. Dada @MamaMdogo huyo mtoto wa kuuliza habari ya karafuu msimpoteze wallahi, maana hiyo ni kemia. Karafuu ina mafuta ndani yake na kikubwa katika mafuta hayo ni kitu kinaitwa eujenoli, ndo hicho kinachotoa harufu na ndo kinachokutia ganzi ukitafuna karafuu jino likiuma. Ikikaa mbichi na unyevu bila ya jua inaanza kuvunda, ndo mnaiona imepauka imesinyaa na haina nguvu. Mpelekeni siku moja Wawi pale kiwanda cha makonyo, vile vikonyo vya karafuu, aone mvuke unavyopitishwa kwenye makonyo ukatoka na mafuta, ukipozwa mafuta na maji yanajitenga yenyewe. Kitabu cha kemia kinaita ukenekaji kwa mvuke, steam distillation, na mtoto wa Kipemba anakariri kwa mchoro, na huku mtambo wenyewe unafanya kazi karibu na kwao, harufu anaisikia akipita na gari.

Na hapo hapo Wawi kuna maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, ipo toka 2000, wanafanya kazi za kichocho na minyoo na maradhi mengine, watu wanatoka nchi za mbali kuja kusoma kuhusu konokono wa mito yetu. Wapo wanawake wa Kipemba wanafanya kazi humo, wanaangalia hadubini. Kwa mtoto wa fomu 2 kumuona mtu anayesema lafudhi kama yake amevaa koti jeupe ni tofauti na kuoneshwa picha ya mzungu kwenye kitabu. Skuli ikiandika barua ya kuomba ziara si jambo gumu.

Halafu kabla ya hayo yote jikoni kwenu pana maabara. Chukueni bizari ya manjano kidogo mkoroge na maji, chovya karatasi nyeupe ikauke. Tia tone la maji ya sabuni ya kufulia au maji ya majivu, inageuka nyekundu. Kamulia ndimu, inarudi njano. Kila mwanamke humu anajua doa la mchuzi kwenye kanga ukilisugua kwa sabuni linakuwa jekundu ukadhani umeiharibu kanga, kumbe ulikuwa unapima alkali. Mwambie huyo mtoto ajaribu siki, soda ya kupikia, maji ya chokaa ile ya tambuu, aandike kipi kinageuza na kipi hakigeuzi. Akifika fomu 3 kwenye asidi na besi atakuwa anacheka.


KijanaTunguu
Nasoma kompyuta hapa chuo kikuu cha SUZA, naongeza machache. Ukitaka mfano wa mwanamke, kampasi ya IIT Madras, vile vyuo vikuu vya teknolojia vya India, iliyofunguliwa Bweleo huku Unguja 2023, mkurugenzi wake wa kwanza ni mwanamke, Profesa Preeti Aghalayam, injinia wa kemikali, na ndo mwanamke wa kwanza kuongoza IIT yoyote duniani, na hizo IIT Wahindi wanavyoziheshimu mnajua wenyewe. Sasa rekodi ile imewekwa Bweleo, si Delhi.

Lakini mie nina kinyongo na hizi siku za kuhamasisha. Kila mwaka Alhamisi ya nne ya mwezi wa nne ni siku ya kimataifa ya wasichana na TEHAMA, wanakuja watu skuli, kuna maspika, juisi, mtoto anaoneshwa roboti anaambiwa usiguse. Jioni kila mtu kwao. Ijumaa chumba cha kompyuta kina kufuli na ufunguo yuko nao mwalimu mkuu kasafiri. Kama mtu kweli anataka kusaidia wasichana wa fomu 2 ahakikishe hicho chumba kinafunguliwa mara mbili kwa wiki mwaka mzima, na zamu ya kwanza ya kibodi iwe ya wasichana, maana wavulana wanaingia mbio wanakamata viti vyote wanacheza gemu za mpira. Skrachi, programu ya watoto ya kujifunzia kuandika programu, ipo ya bure na inafanya kazi bila ya intaneti ukishaiweka, mtoto anatengeneza mchezo wake mwenyewe.

Na vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu vipo kwenye maktaba mtandao yao bure, mtu asiwaambie kitabu cha fizikia hakuna.


MamaMdogo_Wete
Nakusomeni wote. Kijana hivyo vitabu vya mtandaoni vinataka simu, na simu ni mtihani mwengine, dada yangu hataki kabisa mtoto ashike simu, anasema simu ndo inaharibu watoto wa kike, na kaka yake wa miaka kumi na sita anayo yake tena kubwa. Nkauliza mbona yeye anayo nkaambiwa yeye mwanamme.

Bizari tumejaribu jana usiku!! Imegeuka kweli. Bibi yake alikuwepo anatafuna tambuu zake akasema mbona mie najua siku zote chokaa inafanya jekundu, akatoa ulimi kutuonesha. Tumecheka mpaka baba mtu katoka nje kuangalia kuna nini. Hakusema kitu lakini alisimama akaangalia.

Maalim tunakungoja kwenye hilo la mwalimu. Na la njia, hilo bado hamjanijibu hata mmoja.


MzeeWaKonde
La njia ntajibu mie kwa sababu nna watoto wa kike na njia yetu ni mbaya kuliko yenu.

Kwanza tuhesabu saa za mtoto wa kike, wanaume wengi hatujawahi kuzihesabu. Wa kwangu alikuwa skuli asubuhi, akirudi kula na kuosha vyombo, saa nane chuoni kusoma Kurani mpaka alasiri, akirudi maji, kuni, mdogo wake mgongoni, usiku ndo afungue daftari na umeme wenyewe ukiwepo, saa tatu kichwa kinaanguka. Kaka yake baada ya chuo yuko kiwanjani, usiku anakwenda kambi wanalala skuli wanasoma na wenzake. Halafu matokeo yakitoka tunasema wavulana wana akili za hesabu. Akili gani, wana masaa!

Hesabu na fizikia hazisomeki kwa kuibia dakika kumi kumi. Historia mtu anaweza kusoma huku anachochea kuni, swali la fizikia ukikatwa katikati unaanza upya.

Tulichofanya sie, tulikutana wazazi wa wasichana watano sita wa mtaa mmoja, mama zao khasa ndo waliolisukuma jambo. Badala ya watoto kwenda kwa mwalimu, mwalimu akaja kwao. Baraza la nyumba ya mmoja wetu, baada ya sala ya alasiri, magharibi haijaingia kila mtoto yuko kwao. Bibi wa nyumba ile anakaa pale pale anachambua mchele wake au anashona, hana habari na fizikia lakini yupo, na hilo lilimaliza maneno ya watu kuhusu mwalimu mwanamme na watoto wa kike. Tukamfuata ustadh wa chuo tukamwambia siku mbili za wiki watoto hawa watasoma kwako baada ya alfajiri badala ya mchana, na yeye akakubali bila ya taabu, kumbe hakuna aliyewahi kumuuliza. Maji ya siku hizo mbili nikamtwisha kijana wangu wa kiume. Alinuna. Akayachota.

Hapo ndo palikuwa pagumu kwangu kusema kweli, si pesa, ni kumwambia mtoto wa kiume achote maji na jirani anaona.

Msimu wa karafuu hatukuweza, wote walikuwa mashamba na kuchambua usiku, tukasimama tukaanza tena. Msikate tamaa likitokea hilo.


MwanaMwani
Mzee umesema la haki. Mie sijasoma nimeishia darasa la saba, nalima mwani huku mashariki ya Unguja, lakini nna la kusema.

Sie tulianza mwani huku kibiashara mwaka 1989, wanaume walikuja wakauwacha, wanawake ndo tuliobaki. Ile aina ya bei nzuri, kotoni, ikawa inakufa, inaota weupe inakatika, maji yamekuwa moto. Wengine wakasema ni hasadi, wengine wanasema ni hoteli. Aliyekuja kukaa na sie majini akatuonesha ni joto la maji ni mwanamke, Dokta Flower Msuya, mtafiti wa mambo ya bahari, huyu na wenziwe wametusomesha pia kusaga mwani tukafanya sabuni, na wakatafuta namna ya kuupanda kwenye maji ya kina. Alikuwa anaingia majini na sie maji ya kiuno, anauliza na yeye anajibiwa, maana bamvua na maji mafu tunayajua sie, na yeye anajua chumvi na joto. Mtafiti mwanamme angekuja angeongea na waume zetu barazani.

Sasa nani atamrithi? Wa kuogelea hatupo, wa kusoma bahari hatupo, na bahari yetu. Wapelekeni hao watoto.


Maalim_Fizikia
Nimerudi. Haya, kusoma fizikia bila mwalimu wa kudumu. Sisemi ni sawa na kuwa naye, mkiweza kuibana kamati ya skuli na wizara wailete hiyo nafasi ibaneni, pigeni kelele, barua iandikwe na wazazi na ipelekwe kwa mkono. Lakini wakati mnangoja:

Vifaa vya mwanzo havina gharama. Chukua uzi, funga jiwe, urefu mita 1 kutoka unapofungia mpaka katikati ya jiwe, ning'iniza kwenye boriti ya baraza, lisukume kidogo tu lisipande sana. Hesabu mara 20 kwenda na kurudi kwa saa ya simu. Itachukua kama sekunde 40. Gawa kwa 20 unapata muda wa mara moja, ipachike kwenye kanuni utapata nguvu ya mvutano ya dunia karibu na ile 9.8 ya kitabuni. Halafu mwambie afupishe uzi, aongeze uzito wa jiwe, aone kipi kinabadilisha muda na kipi hakibadilishi. Watoto wangu wote wanabisha kuwa jiwe zito litakwenda haraka, wanabishana mpaka wapime. Hiyo ndo praktiko ya Necta mara nyingi, uzi, jiwe, rula, saa, na mtoto anafeli kwa sababu hajawahi kuishika kabla ya siku ya mtihani.

La pili, Necta wanatoa kila mwaka uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, upo kwenye tovuti yao bure, wanaonesha swali kwa swali watoto walikosea wapi na wanaweka hata picha ya jibu zuri na jibu baya. Walimu wenyewe wengi hawausomi. Kundi la wasichana watano na kitabu cha Taasisi ya Elimu na uchambuzi ule, wakikaa baraza la mzee wa Konde mara mbili kwa wiki, watamshinda mtoto anayekaa na mwalimu mzuri mwenye wanafunzi mia.

Na lugha. Kingereza kinawaua zaidi kuliko fizikia yenyewe, wasichana khasa kwa sababu wanaona haya kukosea mbele za watu. Waambieni wabishane kwa kiswahili mpaka waelewe, ndo waandike jibu kwa kingereza. Wakianza kwa kingereza watakariri tu.

@MwanaMwani bamvua na maji mafu ni fizikia, mwezi na jua vikivuta upande mmoja au vikikabiliana ndo bamvua. Ungekuja kunisomeshea darasa langu siku moja ningefurahi, sisemi utani.


Mchokonozi
Haya nimeshindwa, nimenyamaza. Ila swali moja la kiume, huyo mwalimu anayekuja barazani analipwa na nani? Maana hapo ndo vitu vizuri vinapofia.


MzeeWaKonde
Swali zuri kuliko yako yote. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa kwetu kamaliza fomu 6 PCM anasubiri chuo, hakuwa mwalimu wa cheti. Kila mzazi alitoa kidogo kwa mwezi, aliyekosa alitoa ndizi au muhogo, na msimu wa karafuu kila mmoja akaweka pishi kadhaa pembeni. Kijana alipokwenda chuo akatuwachia mwenziwe. Kila kijiji kina watoto hao wanakaa bure baada ya fomu 6, na wakiwepo wasichana bora zaidi.


MamaMdogo_Wete
Jamani Allah akulipeni. Nimemsomea shemeji baadhi ya maneno, ile ya unesi ndo iliyomgutua, aliuliza mara mbili, "hata nesi?" nkamwambia hata nesi. Ya baraza amesema atazungumza na baba zao wawili anaowajua baada ya ijumaa. Hajasema ndio, lakini ameuliza huyo kijana wa fomu 6 anapatikana vipi, na mie namjua shemeji yangu, hauliziagi kitu asichokitaka.

Simu bado vita. Dada kasema labda ile ya kwake, mezani, mbele yake. Nimekubali.

Kwa sasa natafuta kitabu cha kemia fomu 3 cha karatasi, hata kama kimechakaa, na rula ya mita moja. Mwenye navyo Wete au Chake aniandikie nije nichukue, wa Unguja nitalipa usafirishaji wa boti.


Mwanakemia_PBA
Cha kemia ninacho, kimepasuka jalada, kurasa zote zimo. Rula ya mita usinunue, nenda kwa fundi cherehani akukatie futi kamba la zamani. Niandikie pembeni.